Kindi, Msitu wa Kinamasi na Uzito wa Neno "Makazi"

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, neno makazi halitamkwi ovyo. Makongeni, mtaa ulioko kati ya Barabara ya Jogoo na njia ya reli, ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na kwa miaka mingi mazungumzo ya makazi mtaani humo yamekuwa mazungumzo ya nyumba: nani kapangishwa, kodi imefika ngapi, nani atahamishwa na atapelekwa wapi. Hata hivyo, neno lilo hilo ndilo wafasiri wa taarifa za mazingira hulitumia wanapotaja mahali aishipo mnyama au uotapo mmea. Msikilizaji wa Makongeni akiambiwa kwamba mradi fulani utaathiri makazi, hana budi kuuliza kama ni yake au ni ya ndege. Swali hilo si la mzaha. Pale ambapo neno moja hubebeshwa mambo mawili, moja kati ya hayo husahaulika, na kwa kawaida anayesahaulika ni yule asiyeweza kusema.

Makala haya yanafafanua dhana mbili za ikolojia, yaani eneo la mizunguko ya mnyama na matumizi yake ya makazi, kwa kumchukua kindi wa misitu ya kinamasi kuwa mfano. Kindi anafaa kwa sababu ni mdogo, huonekana mchana na jina lake linajulikana hata na mtoto ambaye hajapata kumwona. Msitu wa kinamasi nao unafaa kwa sababu ndani yake tofauti kati ya eneo linalochorwa kwenye ramani na eneo linalotumiwa na mnyama hujitokeza wazi zaidi. Baada ya ufafanuzi huo ndipo tatizo la istilahi litakaporejelewa, kwa kuwa ni vigumu kuchagua neno la dhana ambayo haijaeleweka.

Kindi yupi?

Kamusi za Kiswahili humtaja mnyama huyu kwa majina kadhaa: kindi, kidiri, kuchakuro. Anayezitafuta fasili zake atakuta zimekaribiana mno: mnyama mdogo afananaye na panya, mwenye mkia wa manyoya mengi, apendaye kupanda miti. Fasili hiyo inatosha kumtofautisha kindi na sungura. Haitoshi kumtofautisha kindi na kindi mwenziwe.

Ulimwenguni zipo zaidi ya spishi 270 za jamii hii, na zile za Afrika Mashariki haziishi maisha ya namna moja. Wapo wa ardhini, wakaao nyika kavu, wachimbao mashimo na wasio na haja kubwa ya mti. Wapo wa mitini, nao pia wamegawanyika. Katika bustani na misitu ya Nairobi yupo kindi mdogo wa rangi ya udongo wa manjano, ambaye wanasayansi humwita Paraxerus ochraceus. Katika ukanda wa pwani, kutoka kusini mwa Somalia hadi Afrika Kusini, yupo ndugu yake mwenye tumbo na mkia vyenye wekundu, Paraxerus palliatus. Pwani hiyo hiyo, pamoja na visiwa vya Unguja na Mafia, ina kindi wa jua, Heliosciurus undulatus. Sehemu ya kwanza ya jina lake la kisayansi inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jua, kwa kuwa jamii yake hupenda kujinyosha tawini na kuota jua. Katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, yupo kindi mkubwa, Protoxerus stangeri, ambaye uzito wake huweza kupita nusu kilo. Wote hawa katika Kiswahili cha darasani ni "kindi", basi.

Inafaa kutaja hapa kwamba kindi anayekaa akilini mwa wanafunzi wengi hatoki katika spishi yoyote kati ya hizo. Ni yule wa vitabu vya picha vilivyofasiriwa: mwekundu, masikio yenye vishungi, ameshika mbegu ya mwaloni, na nyuma yake theluji. Huyo ni kindi wa Ulaya. Ndiye aliyetufundisha kwamba kindi ni mweka akiba wa majira ya baridi. Kindi wa ukanda wa joto hana majira ya baridi ya kujiandalia. Majira yanayomsumbua ni yale ya uhaba wa matunda, na katika msitu wa kinamasi, yale ya maji kupanda.

Eneo la mizunguko si himaya

Mwaka 1943 mwanazuolojia Mmarekani William Henry Burt alichapisha makala iliyotenganisha dhana mbili ambazo hadi wakati huo zilikuwa zikichanganywa. Dhana ya kwanza ni ya eneo analopitia mnyama katika shughuli zake za kawaida: kutafuta chakula, kutafuta mwenzi, kulea watoto. Dhana ya pili ni ya sehemu anayoilinda dhidi ya wengine wa aina yake. Burt aliongeza sharti ambalo watafiti hulizingatia hadi leo: safari ya nadra ambayo mnyama huifanya nje ya shughuli zake za kawaida, pengine kwa kuchungulia tu, isihesabiwe kuwa sehemu ya eneo lake.

Katika makala haya dhana ya kwanza inaitwa eneo la mizunguko, na ya pili inaitwa himaya. Neno himaya, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya ulinzi, na kwa hiyo linaifaa vyema dhana ya sehemu inayolindwa. Kulitumia kwa kila mahali anapoonekana mnyama, kama ifanywavyo mara nyingi katika magazeti na katika filamu za wanyama zilizofasiriwa, ni kumpa mnyama mabavu asiyokuwa nayo.

Tofauti hii huonekana kwa urahisi mtaani. Mama mboga wa Makongeni huamka alfajiri akaenda Gikomba kununua bidhaa, hurudi kwenye kibanda chake, jioni hupitia kwa dada yake Mbotela, Jumapili huenda kanisani Kaloleni. Sehemu hizo zikiunganishwa, hupatikana eneo lake la mizunguko. Maelfu ya watu wengine hupita humo humo naye hana ugomvi nao. Lakini pale penye meza yake ya sukuma wiki na nyanya, anayejaribu kutandaza gunia lake bila ruhusa atapata jibu lake mapema. Hapo ndipo himaya yake. Na safari yake ya Desemba kwenda mashambani haiongezi kilomita hata moja kwenye eneo lake la mizunguko, hata kama amesafiri usiku kucha.

Kindi wa mitini huishi kwa namna inayokaribiana na hiyo. Maeneo ya mizunguko ya kindi mbalimbali mara nyingi huingiliana, hasa penye mti uliozaa sana, ilhali tundu la kulala na sehemu iliyo karibu nalo huweza kulindwa kwa makelele na kwa kufukuzana. Katika spishi nyingi zilizochunguzwa, dume huwa na eneo kubwa kuliko jike, na eneo hilo hupanuka wakati wa kutafuta wenzi. Jike huongozwa zaidi na chakula na usalama wa watoto. Ukubwa wa mwili nao una sehemu yake: mwaka 1963 Brian McNab alionyesha kwamba mamalia wakubwa huhitaji maeneo makubwa zaidi, kwa kuwa miili yao hutumia nishati nyingi zaidi, na kwamba mnyama anayekula chakula kilichotawanyika, kama vile matunda na mbegu, huzunguka mbali zaidi kuliko mla majani wa uzito uo huo. Kindi ni mla matunda na mbegu, akiongezea machipukizi, wadudu na hata mayai ya ndege. Kwa hiyo ukubwa wa eneo lake ni kipimo cha jinsi msitu ulivyomgawia chakula. Chakula kikiwa tele na karibu, eneo hupungua, kikiadimika, hupanuka. Anayedhani kwamba eneo kubwa ni dalili ya mnyama tajiri amekwisha kukosea.

Ramani na maji

Mtafiti hulijuaje eneo la mizunguko? Njia iliyozoeleka ni kumnasa kindi kwa mtego usiomdhuru, kumvika ukosi mdogo wenye kifaa cha kutoa mawimbi ya redio, kisha kumwachilia. Kila baada ya muda fulani mtafiti huelekeza antena yake, hupata mahali alipo kindi na kulitia alama kwenye ramani. Baada ya wiki au miezi, ramani huwa na vidonda vingi vya wino. Njia kongwe ya kuvifasiri ni kuunganisha vidonda vya nje kabisa kwa mistari iliyonyooka hadi lipatikane umbo la pembe nyingi, kisha kupima ukubwa wa umbo hilo kwa hekta.

Njia hiyo ni nyepesi, lakini ina udhaifu ambao msitu wa kinamasi huufichua mara moja. Tuseme kindi anaishi kandokando ya dimbwi kubwa lililo katikati ya msitu. Vidonda vyake vitalizunguka dimbwi kama shanga. Mistari ikichorwa, dimbwi zima litakuwa ndani ya umbo, na ripoti itasema kwamba kindi huyu ana hekta kadha wa kadha, ilhali sehemu kubwa ya hekta hizo ni maji ambayo hajawahi kuyatia mguu. Kwa sababu hiyo watafiti wa siku za karibuni hutumia zaidi hesabu za msongamano: palipo na vidonda vingi hupewa uzito mkubwa, pasipo na kidonda hupewa uzito mdogo, na mipaka huchorwa kwa kufuata uzito huo. Kwa kawaida hutajwa mipaka miwili: ule unaobeba asilimia 95 ya matumizi yote, na ule wa asilimia 50, ambao huitwa kitovu cha eneo. Katika msitu wenye maji, kitovu huwa chembamba na kirefu, kimefuata safu ya miti.

Hapa ndipo dhana ya matumizi ya makazi inapoingia. Haitoshi kujua kwamba kindi alionekana mara nyingi kwenye mchikichi. Inapasa kujua pia michikichi ni sehemu gani ya msitu wote. Ikiwa, kwa mfano, nusu ya vidonda vyote imeangukia kwenye michikichi, na michikichi hiyo ni nusu ya miti yote, basi kindi hajachagua chochote. Ameukuta msitu ulivyo. Lakini ikiwa nusu ya vidonda imeangukia kwenye michikichi ambayo ni sehemu moja tu ya kumi ya miti, hapo mnyama amesema neno. Matumizi ya makazi ni ulinganisho wa kile kilichopo na kile kilichotumiwa. Bila ulinganisho huo, tunabaki na orodha ya mahali mnyama alipopita.

Upo pia upungufu ambao hautokani na hesabu. Katika jimbo la Florida, Marekani, kuna kindi wa kinamasi cha Big Cypress, na sehemu kubwa ya yale yanayojulikana juu yake imetoka kwenye viwanja vya gofu vilivyo jirani. Sababu ni ya kibinadamu kabisa: ndani ya kinamasi kindi hao ni wachache, wametawanyika, ni wagumu kunasa, na mtafiti anatembea kwa shida ndani ya maji. Kiwanjani nyasi ni fupi na kindi amewazoea watu. Msomaji wa utafiti wa kindi ana haki ya kuuliza kila mara: matokeo haya yanaeleza anapopenda kuishi kindi, au anapoweza kufika mtafiti?

Miti inapokuwa barabara

Msitu wa kinamasi ni msitu ambao ardhi yake imejaa maji mwaka mzima au kwa majira marefu. Udongo wake hauna hewa ya kutosha, na kwa hiyo si kila mti unaweza kuota humo. Miti inayoweza huwa na mizizi ya kujikita kwa upana au ya kuchomoza juu ili kuvuta hewa. Matokeo yake ni msitu wenye aina chache za miti kuliko ule wa nchi kavu jirani, lakini aina hizo huwa nyingi kwa idadi, na mara kwa mara miti ya jamii ya mitende na mikadi hushamiri.

Kwa kindi, hali hiyo ina maana mbili. Kwanza, chini hapakaliki. Mbegu iliyofukiwa kwenye tope huoza au husombwa, na mnyama mdogo anayeshuka majini hujiweka hatarini. Pili, kwa kuwa chini hapapitiki, matawi ndiyo barabara. Mti mmoja ukigusana na wa pili, na wa pili ukagusana na wa tatu, kindi ana njia. Pengo likitokea, njia imekatika, hata kama mti ulio ng'ambo umejaa matunda. Katika msitu mkavu kindi akikuta pengo hushuka, hukimbia na kupanda tena. Katika kinamasi hana anasa hiyo wakati wa maji mengi.

Utafiti unaotajwa mno kuhusu kindi wa misitu ya Afrika ni ule wa Louise Emmons, aliyefanya kazi karibu na Makokou, kaskazini mashariki mwa Gabon, na kuyachapisha matokeo yake mwaka 1980. Emmons alikuta spishi tisa za kindi katika msitu mmoja, kuanzia kindi kibete mwenye uzito wa gramu 16 hivi, hadi kindi mkubwa, yule yule wa Kakamega. Swali lake lilikuwa: wanawezaje kukaa pamoja bila kunyang'anyana riziki hadi mmoja aangamie? Jibu alilolipata ni kwamba wamegawana. Baadhi wamegawana kwa urefu wa miti: hawa juu, hawa chini. Baadhi kwa ukubwa wa mwili na ugumu wa kokwa wanazoweza kuvunja. Na baadhi wamegawana kwa aina ya msitu. Miongoni mwa hao yupo Funisciurus anerythrus, aliyehusishwa na msitu unaofurika maji. Spishi hiyo haiishi Gabon peke yake. Inapatikana pia katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na magharibi mwa Uganda, nchi ambako Kiswahili kinasemwa, na kwa hiyo haina haja ya kuendelea kuitwa kwa Kilatini tu.

Fundisho la Emmons ni kwamba "msitu" ni neno pana mno. Kwa mtu aliye ndani ya ndege, kuna msitu mmoja wa kijani. Kwa kindi tisa, kuna misitu kadhaa iliyopandiana, na ule unaofurika ni mmoja kati yake. Ukikaushwa kwa mifereji, picha ya angani huweza kubaki ya kijani kwa miaka, na huku mwenyewe amekwisha kukosa mahali.

Karibu na nyumbani, mfano ulio bora ni Jozani, kisiwani Unguja. Msitu huo umeota mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi, na mvua nyingi zinaponyesha sakafu yake hufurika. Ndani yake mna mitondoo, michikichi na mikadi. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka vilifanywa hifadhi ya taifa yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi. Umaarufu wake umetokana na kima punju, yule mwekundu wa Unguja, hata kindi wakasahauliwa. Mtalii huinua kamera kwa kima na kuishusha kwa kindi. Lakini kilichompata kima kwenye barabara inayopita ukingoni mwa msitu huo kinaeleza jambo lile lile. Matawi yalipokosa kukutana juu ya lami, kima walishuka kuvuka, na magari yakawaua, hadi yakawekwa matuta ya kupunguza mwendo. Hifadhi haikupungua hata hekta moja. Kilichopungua ni mguso wa tawi na tawi.

Mto Tana nao una misitu yake, vipande vyembamba vilivyofuata kingo katika nchi ambayo vinginevyo ni kame. Misitu hiyo hutegemea mafuriko: maji yakipanda hulowesha ardhi na kuleta udongo mpya ambamo miche huota. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa juu ya mto huo, likiwemo lile la Kamburu lililokamilika mwaka 1974 na la Masinga lililokamilika mwaka 1981, yalibadilisha mwenendo wa mafuriko. Hapa athari haikuja kwa shoka. Imekuja kwa maji yasiyofika kwa wakati wake, na kipande cha msitu kisichozaa miche huzeeka kimya kimya.

Kinamasi kilichozaa jiji

Nairobi yenyewe ilianza kando ya kinamasi. Reli ilipofika mwaka 1899, kituo chake kiliwekwa mahali ambapo Wamaasai walipajua kwa maji yake baridi, na karibu na mto palikuwa na bwawa la mafunjo. Mji ulipokua, mafunjo yalifyekwa na ardhi ikakaushwa. Kilichosalia ni vyanzo: kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, bado hulisha Mto Nairobi.

Jina Makongeni lenyewe ni ushahidi wa namna yake. Kwa umbo lake, kiambishi -ni cha mahali kikiwa kimepachikwa kwenye nomino makonge, maana yake ni mahali penye makonge. Mtaa wa wafanyakazi wa reli umebeba jina la mmea. Mtaani humo leo mtoto anajua Makongeni ni wapi bila kujua konge ni nini, kama anavyojua neno kindi bila kumjua kindi.

Na kindi hayuko mbali. Msitu wa Karura, wenye hekta 1,041 hivi, uko kilomita chache kaskazini, na kindi wake hupita juu ya vichwa vya watembeaji. Msitu huo haukubaki kwa bahati. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda mche langoni mwake. Mto Gitathuru unaopita Karura huteremka kuelekea bonde la Mathare, na maji yake huishia katika Mto Nairobi, unaopita kaskazini mwa mitaa ya Makongeni na Kaloleni. Kwa ramani ya maji, basi, Karura na Eastlands vimeunganika. Kwa ramani ya matawi, havijaunganika hata kidogo. Kingo za mito zimevunjwavunjwa na majengo, majitaka na barabara, ikiwemo ile ya Thika iliyopanuliwa kati ya mwaka 2009 na 2012. Kindi wa Karura ana msitu mzuri, lakini ni kisiwa.

Suala la kingo za mito si la kindi peke yake, na ingekuwa dharau kuliandika kana kwamba ni lake. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliamuru watu waondoke kando ya mito ya Nairobi, na nyumba katika sehemu za Mathare na Mukuru zikabomolewa. Waliobomolewa walisema, kwa haki, kwamba wamepoteza makazi. Waliotetea kuondolewa kwa majengo walisema, nao, kwamba kingo ni za mto na viumbe vyake. Pande zote mbili zilikuwa zikitaja haja ya kweli, na lugha iliyokuwapo iliwapa neno moja tu la kuzitajia.

Neno la kuchagua

Kanuni za tathmini ya athari za mazingira zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2003 zilitaka umma utangaziwe kwa redio, kwa lugha rasmi na kwa lugha za wenyeji, na Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo kutafsiri istilahi hizi si zoezi la darasani pekee. Mwananchi anayeombwa maoni juu ya mradi anastahili kuelewa kinachosemwa kabla ya kuombwa akubali au akatae.

Kulifuta neno makazi katika ikolojia hakuwezekani tena. Limekwisha kuzoeleka, na kupachika badala yake neno kama mastakimu ni kuzidisha utata, kwa kuwa nalo ni la nyumba. Lililo bora ni kulipa kivumishi kila linapomhusu kiumbe asiye binadamu, yaani makazi asilia, na kutoliacha litangetange peke yake katika matangazo ya mijini. Pia haifai kulibebesha maana ya eneo la mizunguko. Makazi asilia ni aina ya mahali: msitu wa kinamasi, nyika, ukingo wa mto. Eneo la mizunguko ni la mnyama mmoja, lina ukubwa wa kupimika, nalo hubadilika kwa majira. Himaya ni ile sehemu anayoilinda. Mtafsiri akiyaweka yote matatu chini ya neno moja, mtetezi wa mradi ataweza kusema kwamba makazi ya kindi yamehifadhiwa kwa kuwa hekta hazijapungua, na hakuna atakayekuwa na neno la kumjibu.

Kuhusu majina ya wanyama wenyewe, kazi iliyobaki ni ya miguu. Kidiri, kindi na kuchakuro haziwezi kuwa zilizuka zote kwa ajili ya mnyama mmoja bila sababu. Yamkini wazungumzaji wa pwani walitofautisha kwa macho kile ambacho kamusi zilikuja kukivuruga. Wapo watu ambao maisha yao yote yamekuwa ukingoni mwa Jozani, katika vijiji vya Pete, Charawe na Ukongoroni, na wapo wa kandokando ya Tana. Mwanafunzi atakayekwenda huko na picha za kindi wa jua na kindi mwekundu, akamwonyesha mzee moja baada ya nyingine na kuuliza, "Huyu mnamwitaje? Na huyu?", atarudi na data ambazo kamusi hazina. Aulize pia ni yupi anayeonekana maji yanapojaa msituni, na hupita juu ya miti gani.